Gundi ya Mjane wa Buldong

Kabla ya kuchonga kila herufi Maksam alisujudu mara tatu, kama ilivyo desturi ya karakana ya hekalu, na magoti yake yalilia kama bawaba kavu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezisujudia herufi mara nyingi kuliko alivyowahi kumwamkia mama mkwe. Kusoma hakujua hata moja. Alifuata mistari ya karatasi iliyobandikwa kinyume juu ya ubao, akijisifu kwamba asiyejua kusoma hakosei, maana hana njia ya kujua.

Ubao wa siku hiyo ulitoka kwenye mti wa mcheri wa mlimani, ukalowekwa baharini miaka mitatu na kuchemshwa kwa maji ya chumvi. Aliyeukata mti huo ni Buldong, mkata miti wa hekalu. Mti wa kwanza Maksam aliukataa kwa kifundo kisichozidi punje ya shayiri, ili watu wajue kwamba yeye naye ni fundi. Buldong akapanda tena mlimani mvua ikinyesha, na mti wa pili, ndio huu, ukamwangukia akafa.

Maksam alipomaliza kuchonga, Mtawa Hyeonam akapaka ubao wino, akalaza karatasi, akasugua. Mwishoni, mahali pa jina la mfadhili, Bwana Gang, palisomeka: Buldong, mkata miti.

"Fundi, umekosea."

"Kama kawaida, Mwalimu."

Maksam akalichimbua jina, akapachika kipande kipya, akasujudu, akachonga. Karatasi ikatoa Buldong. Alirudia mara saba. Kwenye ubao lilikuwa Gang, kwenye karatasi likawa Buldong.

"Mbao nyingine ndivyo zilivyo," mtawa akasema. "Tutabandika."

Jina la Bwana Gang likaandikwa kwenye vikaratasi mia vya kufunika la Buldong katika nakala zote, na gundi ya unga wa ngano ikaagizwa jikoni kwa Gannan, mjane wa Buldong, aliyewapikia mafundi. Mara mbili alikuwa ameomba jina la mumewe litiwe hata pembeni, lipate kusomwa siku ya dua. Aliambiwa hakuna nafasi.

Akaleta chungu. "Shemeji, chini ya hivi vikaratasi kuna nini?"

Maksam alitamani kujibu kwamba hajui, jibu ambalo maisha yake yote lilikuwa la kweli. Lakini baada ya kumsikia mtawa akilisoma mara saba, jina hilo alikuwa analijua, na aliona haya hadi masikioni.

"Mumeo."

"Kwenye zote?"

"Zote mia."

Gannan akakitazama chungu. "Ngoja basi niongeze maji kidogo."

Akaongeza mengi. Mtawa akachovya kidole, akasema gundi ni nyepesi mno, haitashika, na Gannan akarudishwa jikoni kutia unga.

Kufikia adhuhuri vikaratasi vyote vilikuwa vimeshika. Bwana Gang alipendezwa, akaagiza ubao mwingine. Mkata miti mpya akaja na shoka lake kumuuliza Maksam anataka mti wa namna gani.

"Wowote, ndugu yangu. Wowote ule."

"Usio na vifundo," mtawa akasema. "Fundi wetu ana jicho kali."