Basil Hakujua

Mtamba wa Kabula, ng'ombe jike ambaye hajazaa, alipotea Jumapili, akaonekana Jumanne amefungwa kwenye uzio wa Leonsi, mkulima wa mahindi kijiji cha pili kutoka Mwimbi anakoishi Kabula. Leonsi hakuwa mwizi. Wiki moja kabla alikuwa amenunua mnadani mtamba mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, ambaye alikata kamba na kutoroka. Alipomkuta huyu wa Kabula mtoni, wa rangi hiyohiyo na baka hilohilo, alimpeleka nyumbani akimshukuru Mungu. Na karatasi ya mnada alikuwa nayo.

Kesi ikaletwa kwa Zenon, mwalimu mstaafu anayesuluhisha magomvi ya kijiji, na mtamba akafungwa uani kwake.

"Mama, unajuaje kuwa ni wako?" aliuliza.

"Nilimzalisha mwenyewe. Alikuja miguu ya nyuma mbele, nikamvuta kwa kamba. Kamba ilimkata juu ya ukwato wa kushoto. Kovu lipo, chini ya manyoya. Inameni mtazame."

Hakuna aliyeinama. Zenon alitabasamu kama anavyotabasamu mwalimu mtoto anapokosea hesabu.

"Hayo ni maneno yako mwenyewe, na wewe ndiye mdai. Kujua, mama, kuna mambo matatu. Uamini jambo, jambo lenyewe liwe kweli, na uwe na sababu ya kuridhisha. Nani mwingine anayejua?"

Basil, fundi baiskeli, akanyoosha mkono. "Mimi. Jumatano iliyopita nilimwona mtamba huyu joshoni wakiogeshwa dawa ya kupe, katikati ya ng'ombe wa Kabula. Nilisimama karibu kabisa."

Zenon akaandika kwa furaha. "Ameona kwa macho, hana masilahi. Huyu anajua. Mtamba ni wa Kabula."

Watu wakaanza kuinuka. Mume wa Kabula alishafungua kamba. Kabula hakusogea. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira.

"Basil hajui," alisema.

"Mama, umeshinda!"

"Jumatano mtamba wangu alikuwa anachechemea, sikumpeleka joshoni. Alishinda zizini, nikimkanda mguu. Aliyeonekana joshoni alitoka zizi la shemeji yangu. Wanafanana."

Basil akashika kichwa. "Basi nilimfananisha, jamani."

"Nyamaza, Kabula," mumewe alinong'ona. "Watatunyang'anya."

"Sinyamazi! Mimi niliyelala naye zizini naambiwa nina maneno tu. Huyu aliyemwona ng'ombe mwingine ndiye anayejua? Angesema amemwona kwa Leonsi, si mngempa Leonsi? Mmepapasa gizani mkashika mlango, halafu mnasema mnaona!"

Zenon alikunja karatasi. "Lakini aliamini, ni kweli, na sababu alikuwa nayo. Mambo yote matatu yametimia."

"Yametimia na bado hajui. Basi mambo yako hayatoshi, mwalimu."

Aliyeinama hatimaye ni Leonsi. Alipiga magoti kwenye vumbi, akayapangua manyoya kwa kidole gumba. Aliposimama alikuwa amenywea.

"Lipo," alisema. "Limezunguka mguu, kama kamba. Mama, nisamehe. Nilikuwa na uhakika, naapa."

"Wewe sikulaumu," Kabula alijibu. "Wewe umetazama."

Zenon akamsogezea karatasi aweke sahihi. Kabula alisoma taratibu: mtamba amepewa yeye kwa ushahidi wa Basil. Akairudisha.

"Andika upya."

"Matokeo ni yaleyale, mama. Ng'ombe si unaye?"

"Kesho nitakuja na kesi nyingine, na utanidai tena Basil wangu yuko wapi. Andika kwamba Kabula alijua, na mlikataa kutazama."

Mumewe alimvuta kitenge. Kabula aliutoa mkono wake. Alikaa kwenye benchi, akakunja mikono, na wote wakaelewa kwamba hataondoka. Basil mwenyewe ndiye aliyesema, "Mwalimu, futa jina langu. Linanitia aibu."

Zenon alichana karatasi, akatoa nyingine. Aliandika mistari miwili, akatua kalamu, akauliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, "Sasa kujua ni nini, kama si hayo matatu?"

"Sijui kulisema," Kabula alijibu, hasira bado haijamwisha. "Ila ungeanza kwa kuniuliza nilivyojua, kisha ukasikiliza."

Akatia sahihi, herufi kubwa kubwa, akamtoa mtamba uani. Njiani alimwambia Leonsi aende kwa shemeji yake kuulizia. Wiki ile ya josho walikuwa wamepata mgeni zizini, mtamba mwekundu.