Ukili wa Kijakazi

Mkeka ule wa rangi tatu Somoe aliushona yeye, lakini ukili wake aliusuka Kijakazi. Baleni nzima walilijua hilo, na hakuna aliyeona haja ya kulisema. Tangu lini mkeka ukawa wa mtu mmoja? Huyu hukata ukindu, yule huuchovya rangi, mwingine husuka ukili, ule mkanda mrefu, na mwenye macho bado ndiye anayeushona uwe mkeka. Ndivyo walivyokuta kwa bibi zao.

Kijakazi alivunjika nyonga alipoanguka kisimani, na mfupa ukaunga upande. Tangu hapo safari yake ni kutambaa kutoka kitandani mpaka barazani, basi. Mume alikwishatangulia mbele ya haki, mtoto hakujaaliwa. Alichobakiwa nacho ni vidole, na vidole vile, wallahi, vilisuka ukili uliobana hata maji yakajiuliza pa kupita.

Ulipokuja mradi, waliambiwa ni wa nchi nyingi zilizoshikana mikono ili mnyonge apate haki yake na kazi yenye staha. Wanawake wakajengewa banda: sakafu ya saruji, feni juu, choo cha maji nyuma. Mikeka ikaanza kwenda Ulaya na malipo yakaja bila longolongo. Tusidhulumu, lilikuwa jambo jema. Ila palikuwa na sharti: kazi yote ifanyiwe bandani, mbele ya macho ya watu, kwani kazi ya kufichwa majumbani ndiyo inayonyonya wanyonge.

Kijakazi bandani hafiki. Basi kila Alhamisi Somoe alimpelekea ukindu, akarudi na ukili chini ya kanga, na malipo akamtia mkononi yote, hata shilingi asiiguse. Sabra, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa akiona na kugeuza uso.

Ikafika siku ya mgeni kutoka huko kwenye mradi. Jina lake Anneke, mama wa makamo, mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hilo lilimwingia Somoe moyoni. Akaketi chini pamoja nao, juu ya ule mkeka wa rangi tatu, na Luqmani, kijana wa Kilindoni aliyekuwa mkalimani wake, akafasiri:

"Anasema hakuja kukamata mtu. Anauliza, yupo anayefanya kazi hii na hapa hayupo? Msiogope kumtaja. Atakayetajwa atasaidiwa."

Sabra akakohoa, na kila mwanamke mle ndani alielewa kile si kikohozi cha mafua.

Lakini Somoe aliwaza: miaka yote hii mwenzangu anakula kwa mlango wa nyuma. Nchi zote hizo zikimjua, zitashindwa nini kumwandikisha pale pale barazani kwake? Wataleta na kiti cha magurudumu. Akainua mkono.

"Yupo, mwanangu. Mkeka huo aliokalia mgeni, mimi nimeshona tu. Ukili ni wa Kijakazi, yupo nyuma ya msikiti, miguu haimchukui."

Mgeni alipofasiriwa, machozi yalimlenga. Akamshika Somoe mikono yote miwili, akaomba apelekwe.

Walimkuta Kijakazi barazani, ukili mapajani.

"Shikamoo, bibi," alisema Luqmani.

"Marahaba. Karibuni. Feni sina, kuna huu upepo wa bure."

"Mgeni anauliza, mwajiri wako ni nani?"

"Njaa."

"Bibi, jibu vizuri."

"Vizuri ndiyo hivyo. Likizo hanipi, na kutwa mara tatu ananikumbusha kazi."

"Anauliza kama unapata mapumziko."

"Mwambie tangu nivunjike napumzika tu."

Luqmani alicheka, akafasiri. Mgeni hakucheka. Aliandika, akaandika tena. Walipokuwa wakiondoka, Kijakazi alimvuta Somoe pindo la kanga.

"Shoga, umenifanyia nini?"

"Kheri tupu. Ngoja uone."

Wakangoja. Mwezi haukuisha, Sabra akawaita wote bandani, simu mkononi, akawasomea. Kikundi kimebainika kina mfanyakazi wa siri, mlemavu, asiye na mkataba. Manunuzi yamesimama mpaka kila mwanachama atie saini kwamba hakuna ukili utakaotoka nje ya banda. Suala la bibi mwenyewe litaangaliwa na wataalamu katika mpango wa mwaka ujao.

Umi, mwenye watoto wengi kuliko wote, alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Msema kweli mpenzi wa Mungu! Haya, mpenzi wa Mungu, wanangu leo wale nini?"

"Lakini yule mama alisema atasaidiwa," alisema Somoe.

"Na kasaidiwa," alijibu Sabra. "Hanyonywi tena."

Wengine wakacheka, kicheko kibaya. Sabra akashusha sauti. "Bi Somoe, nimempigia yule mama, Luqmani akifasiri. Alikuwa analia, maskini. Anasema sheria si yake, imetungwa juu, na huko juu nao ukiwauliza watakuambia imetungwa juu."

Karatasi ikazunguka. Ilipomfikia Somoe, aliwafikiria wajukuu zake watatu aliokabidhiwa na mama yao, akaandika jina lake kwa herufi zake za darasa la tatu, kubwa kubwa, zilizopinda.

Akaenda kwa Kijakazi. Habari ilikwishamtangulia.

"Umetia saini?"

"Nimetia."

"Umefanya la maana. Una midomo ya kulisha."

"Nisamehe, shoga. Nilikutaja kwa wema."

"Nimekusamehe. Msamaha haupikiki tu, ungepikika ningekukaribisha chakula." Kijakazi alitazama mikono yake. "Nilikuwa nimefichika, nakula. Sasa nimeonekana."

"Nitakuletea ukindu kwa siri."

"Ili wakutoe na wewe? Halafu wale watoto waje kulia mlangoni kwangu, niwape nini?" Akausukuma mzigo wa ukindu uliokuwa pembeni, na ukili alioufikisha nusu juu yake. "Hii mali ya kikundi. Rudisha, wasije wakaniita na mwizi."

Somoe alijitwika, akaenda.

Bandani Sabra aliupokea mzigo, akatenga ukindu ambao haujasukwa, kisha akaunyanyua ule ukili. Aliupitisha kidoleni taratibu, maana naye ni msusi na alikuwa anajua anachokishika.

"Huu hauingii," alisema bila kumtazama Somoe. "Umetoka nje. Ufumue, tuutumie upya."

Somoe akaketi chini ya feni, akautafuta mwisho wake kwa ukucha, akaanza kufumua. Kijakazi alikuwa amebana sana. Mpaka wanaadhini adhuhuri, alikuwa hajamaliza.