Boneti Nusu kwa Nusu

Shemeji yangu tunamwita Mng'aro, na si kwa kumsifu. Viatu vyake vinang'aa, nywele zinang'aa, hata paji la uso analipaka mafuta mpaka unaweza kujitazama humo. Siku hiyo alikuja kwenye banda letu la kuoshea magari na dumu la mafuta ya kung'arishia, akalitua juu ya benchi langu la kazi bila hata hodi, akasema, "Shemeji, mambo ya kopo yamepitwa na wakati."

Kopo alilolisema ni la nta ngumu. Ndiyo tuliyokuwa tukipaka magari tangu mimi na mume wangu tufungue banda hili kando ya barabara ya vumbi, mkabala na yadi ya kokoto. Malori yanaingia na kutoka kutwa nzima. Gari ukiliosha asubuhi likasimama hapo mpaka mchana, unalikuta kama limevingirishwa kwenye unga. Kwa hiyo hapa kwetu kung'arisha peke yake hakutoshi. Lazima ung'arishe kwa kitu ambacho vumbi halitang'ang'ania.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Kiwanja ni cha mama yake, na tangu tulipotoka makaburini ufunguo wa banda umekuwa ukining'inia shingoni mwake kwenye kamba. Kila asubuhi naufuata, kila jioni naurudisha, kama kibarua. Mng'aro hajawahi kushika kitambaa maishani ila cha kujifutia jasho, lakini ndiye mtoto wa kiume aliyebaki, na maneno yalikuwa yameanza kupita chini chini kwamba banda liende kwake. Mimi ningepewa "vikazi vidogo vidogo". Maneno hayo yalinifikia, nikaapa kwamba humo ndani nitatoka nikiwa nimebebwa.

Wateja nao hawakunisaidia. Dereva mmoja wa teksi, mteja wetu wa miaka yote, alikuwa amekaa pale akisubiri gari lake.

"Lakini mkono wa marehemu ulikuwa mkono," alisema akitikisa kichwa. "Vumbi lilikuwa halikai kabisa. Sijui alikuwa anapaka nini."

Alikuwa akiniambia mimi, niliyelipaka gari lake hilohilo kwa mikono hii huku marehemu akipiga naye soga. Katika jambo hilo nilikuwa nimezoea kunyamaza. Mume wangu alikuwa mtu mwema, na jina kwenye kibao cha banda lilikuwa lake.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake cha plastiki. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Masikio hayana shida hata kidogo.

"Mnagombania nini hapo?" aliuliza.

"Hatugombani, Mama," alisema Mng'aro. "Namwelimisha shemeji."

"Basi elimishaneni kwa vitendo. Toeni gari la marehemu nje, kila mtu nusu ya boneti. Mkimaliza, mikono mbali. Jua likipungua nitakuja kupitisha leso. Asiyekuwa na vumbi ndiye nitakayempa huu ufunguo."

Mng'aro aliinama akaninong'oneza, "Haoni. Atajuaje kilichong'aa?"

"Hilo muulize mwenyewe," nilisema kwa sauti ya kusikika, naye akameza mate.

Gari la marehemu ni jeusi, na weusi haumfichii mtu kitu. Tulilisukuma mpaka kando ya barabara, nikabandika utepe wa karatasi katikati ya boneti. Mng'aro alimimina mafuta yake kama mtu anayetaka kukaanga, akayasambaza kwa sifongo, na haukupita muda upande wake ukawaka kiasi kwamba dereva wa teksi alisimama kutazama.

"Aisee," alisema yule msaliti.

Mimi nilipaka nta nyembamba, nikaiacha ikauke mpaka ikafanya ukungu mweupe, ndipo nikaanza kuifuta. Hapo hasira ikanipanda kichwani. Mng'aro alikuwa akipiga mluzi, na kila alipopiga nami nilizidi kusugua. Nilisugua ule mluzi, nikasugua vile vikazi vidogo vidogo, nikasugua na mkono wa marehemu. Kitambaa kikavu, upepo mkavu, nami nasugua tu. Nilipoacha, vinyweleo vya mkono vilikuwa vimesimama, na sikujiuliza kwa nini.

Nilijiuliza lori la kwanza lilipopita. Vumbi lilitua upande wa Mng'aro, hilo nililitegemea, maana mafuta yale yanabaki yananata. Lakini lilitua na kwangu, tena likivutwa, kama nywele zinavyoifuata sweta ya nailoni unapoivua. Rangi ukiisugua kikavu namna ile inashika umeme kidogo, na umeme huo unaita vumbi. Dawa yake ni rahisi: unamalizia kwa kupitisha kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri. Kila gari nililowahi kulishika nimelimalizia hivyo, isipokuwa hili, siku hii. Nilitamani kujizaba kofi. Na mikono ilikuwa imeshaambiwa ikae mbali.

Jua lilipopungua, Mng'aro alimshika mama yake mkono akamleta garini. Mama mkwe alitoa leso mbili nyeupe. Moja aliipitisha upande wa mwanawe, nyingine upande wangu, kisha akazipekecha kwa vidole, moja baada ya nyingine. Sikuhitaji kuambiwa. Zote mbili zilikuwa za kahawia.

"Vumbi huku, vumbi na huku," alisema.

"Basi tuko sawa," alidakia Mng'aro, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka kuelekea kwenye ule ufunguo. "Na kama tuko sawa, Mama, bora banda libaki kwenye damu."

"Hatuko sawa," nilisema.

"Shemeji, kubali yaishe."

"Sikubali, na hayaishi."

Nilichota ndoo ya maji pipani, nikarudi nayo, nikaimwaga juu ya boneti nzima. Yaliyozidi yaliishia kwenye viatu vya Mng'aro, wala sikuomba radhi. Upande wangu maji yalijikusanya matone matone, yakateremka mbio na kubeba vumbi lote. Upande wake vumbi lilikuwa limeshakandwa na mafuta. Liligeuka tope, likabaki michirizi michirizi palepale.

"Mama, pitisha tena."

Alizigeuza leso, akapitisha. Yangu ilitoka imelowa tu. Ya Mng'aro ilitoka kama iliyofutia sufuria.

"Maji hayakuwemo kwenye makubaliano," Mng'aro alilalamika.

"Na mvua huwa inakuomba ruhusa?" mama yake alimuuliza. Kisha akanigeukia mimi. "Lakini vumbi lilikukaa na wewe."

"Lilinikaa."

"Marehemu mwanangu asingesahau kitambaa kibichi."

Ningeweza kuitikia tu nikainamisha kichwa, kama siku zote. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Mama, kitambaa kibichi nilimfundisha mimi," nilisema. "Nta niliichagua mimi. Hili gari, na la huyu dereva, na yote mnayoyasifia, ni mikono hii hapa. Nimelia msiba kama ninyi. Lakini kazi yangu haikufa, na sitaizika."

Dereva wa teksi alitazama gari lake, akanitazama mimi, akatazama chini.

"Najua," alisema mama mkwe.

"Unajua?"

"Aliniambia siku ileile uliyomfundisha. Alikuwa anajivuna kweli."

"Sasa mbona miaka yote hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Mama mkwe alivua ile kamba shingoni, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akanifumbatisha ufunguo. Zile leso mbili alimtupia Mng'aro.

"Hizi utanifulia wewe. Na uende na hilo dumu lako."

Nilibandua utepe, nikaanza kutoa mafuta upande wa pili kwa maji ya sabuni. Dereva wa teksi alijisogeza, akaniuliza kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake kama naweza kulishika na gari lake.

"Panga foleni," nilimwambia.

Jioni nilifunga banda mwenyewe. Ufunguo sikuurudisha.