Barua ya Kipimo cha Mionzi

…mionzi mara kumi ya kawaida, ndivyo barua ya mkuu wa usalama ilivyosema, mara kumi, imekunjwa mfukoni mwa koti lake tangu asubuhi, na yeye, mpiga eksirei kwa mwaka wa kumi na moja sasa, amesimama nyuma ya kioo akimngoja bibi wa watu avue bangili kwenye mkono aliouangukia, "imenizoea hii, mjukuu wangu," bibi anasema, naye anaitikia "taratibu, bibi," huku kiganja kimeshuka chenyewe tumboni, wiki tisa, baada ya miaka saba ya mawifi kumtazama kiuno kila akiingia mlangoni, miaka saba! na hata mumewe hajamwambia, angemwambiaje, nina mimba yetu na nimeilisha mionzi?… "na hayo mamionzi yenu hayatanidhuru?" kila mgonjwa huuliza, na kila siku hujibu bila kufikiri, ni kidogo mno, picha ya mkono haifiki hata mionzi ya siku moja tunayopata sote kutoka ardhini na angani, leo anajibu hivyohivyo huku akiwaza, haba na haba hujaza kibaba, lakini alikosea wapi, mlango hufunga, nyuma ya kioo husimama, siku zote kipimo chake, kile cha kubana kifuani kinachohesabu mionzi inayompata, husoma karibu na sifuri… na tazama mwenzake wa zamu, mzembe yule, kaenda kunywa chai kaacha kipimo chake kimebanwa kwenye aproni ya risasi ya kukinga mionzi, pale kwenye msumari, kikiikodolea mashine macho, kitakula kila picha badala ya mwenyewe, akirudi atamsema huyo, atamsema mpaka… ngoja. Ngoja kwanza. Zile wiki mbili za likizo, za kutapika akidhani ni malaria, aliporudi kipimo chake alikichukua wapi? Kwenye aproni. Kwenye msumari uleule! Picha sitini kwa siku, kipimo kinaning'inia humu kikipigwa, na mwenyewe yuko kitandani kakumbatia ndoo, ee Mungu wangu, nyani haoni kundule, mkuu wa usalama atafoka, atamwandikia onyo, na aandike, aandike kwa herufi kubwa, atalitundika sebuleni, furaha imempanda hata hajui anacheka au analia… "mjukuu wangu, imegoma," bibi anasema, bangili iko palepale, "mbona unalia?"

"Bibi," anasema, "nina mimba."