Picha Zilizokwenda Upande

Tangu utotoni walimwita Rula, na jina likamkaa. Mtoto gani huyo, jamani, akiingia nyumba ya watu anaanza kunyoosha vitambaa vya makochi kabla hajasalimia! Alipokua akawa mbunifu wa mabango na majalada ya vitabu, na kule kunyoosha kwake kukawa ndiyo kazi inayomlisha.

Baba yake alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ngazi za kifahari, ngazi ambazo hakuna aliyewahi kuzipanda. Kando ya kioo kilining'inia kitana kilichofungwa kamba, maana vitana vina miguu, pamoja na koti moja na tai moja vilivyovaliwa na nusu ya wanaume wa mji ule. Mnene alilivaa koti bila kufunga vifungo. Mwembamba alibanwa pini mgongoni. Kwenye picha wote walitoka mabwana.

Sasa baba alikuwa amefariki, chumba kilikuwa kinarudishwa kwa mwenye nyumba, na mama akataka picha zionyeshwe mle ndani kwa mara ya mwisho.

"Sidai makubwa, mwanangu," alisema. "Nataka siku hiyo baba yako awepo. Nikiingia mlangoni, nimwone."

Hapo ndipo penye kazi. Kinyozi hajinyoi: aliyepiga picha mji mzima hakuwa na picha yake ya maana. Ilikuwepo ya kitambulisho tu, na mama aliikataa katakata. "Huyo si mume wangu. Huyo ni mtu anayeogopa serikali."

Rula akaona, basi, angalau kazi yenyewe ing'ae. Akazipitisha picha kwenye kompyuta moja moja. Zote zilikuwa zimekwenda upande. Maharusi, watoto wachanga, mabwana wa koti moja, wote wameinama kama nyumba iliyoliwa na mchwa. Zamani watu walikuwa wakitania, "Picha za mzee zimelewa." Akazinyoosha zote mpaka ngazi zikasimama sawasawa, kisha akamwita mama kwa furaha.

Mama akavaa miwani. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mbona husemi, mama? Si nzuri?"

"Nzuri." Akavua miwani. "Lakini hizi kapiga nani?"

"Kapiga nani tena! Si baba?"

"Baba yako yupi mwenye miguu sawa?"

Mguu mmoja wa baba ulikuwa mfupi, nani asiyejua? Rula amekua akiisikia hatua yake ukumbini, nzito nyepesi, nzito nyepesi, akikimbilia kufungua kabla baba hajabisha. Na kamera yake hakuwahi kuiweka kwenye stendi. "Nina miguu yangu miwili," alikuwa akijibu, "ingawa haijapatana." Akisimama, bega lilishuka, na kamera ikashuka nalo.

Asubuhi ngapi, akiwa mtoto, alipanda kiti kunyoosha fremu za ukutani, na baba akicheka tu, "Nyoosha, mama, nyoosha"? Wala hakumwambia kitu. Machozi yakamtoka Rula, hakuyaficha. Alikuwa amekaa siku zote hizo akimfuta baba yake kwa mikono yake mwenyewe, na huku anajisifu.

Akazirudisha zote zilivyokuwa. Ya bango la ukutani, mkabala na mlango, akachagua picha ya mama akiwa msichana, mbele ya zile ngazi, amecheka mpaka macho yamefumba, anamcheka aliye nyuma ya kamera. Akaikuza ikajaa ukuta mzima.

Siku yenyewe fundi wa kutundika akaja na pimamaji yake. Akaiweka juu ya fremu, akarudi nyuma, akakuna kichwa.

"Dada, fremu iko sawa, ila picha yenyewe imepinda. Niinyanyue huku kidogo?"

Mama ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni. Akasimama, akaitazama, na taratibu bega lake likashuka, kama lilivyokuwa likishuka zamani alipotembea ubavuni mwa mumewe, wameshikana mikono.

"Huyo hapo," akasema.

"Usiiguse, fundi," Rula akamwambia. "Ndivyo alivyokuwa akisimama."