Eksteno Juu ya Kichanja cha Usipa

Fundi Hafidha alipoifungua ile eksteno, diski ya kuhifadhia video, alijua kazi imekwisha kabla haijaanza. Sahani ya ndani, ambayo hata punje ya vumbi haiitaki, ilikuwa imegandiwa na tope la ziwa, kavu, gumu. Ingeletwa ingali imelowa, ndani ya maji yake yale yale, angeisafisha, pengine ingesoma. Sasa basi tena.

Ilikuwa ya Allen, mpiga video za harusi wa Liuli. Mtumbwi ulipinduka, ziwa likamchukua, na mpaka leo halijamrudisha. Wavuvi waliopoa begi tu. Mama yake, Marselina, hakuwa na kaburi la kulilia. Alichotaka ni kumsikia mwanawe akiongea ndani ya zile video, basi.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la duka, hapo Mbinga mjini, akimtazama fundi usoni.

"Niliianika na usipa, juu ya kichanja," alisema. "Jua kali, naigeuzageuza. Nilikosea, mwanangu?"

Kwao kila kitokacho ziwani huanikwa, kama hao dagaa wa usipa, angejuaje? Hafidha moyo ulimuuma. Amwambie nini, kwamba sauti ya mwanawe ameimaliza kwa mikono yake mwenyewe?

"Hapana, mama. Ulifanya vizuri sana kuikausha. Ni ziwa tu limeiharibu."

Marselina alishusha pumzi, akafuta machozi, akaaga. Hafidha alijiona ametenda jema, na mchana ule alikula akashiba.

Wiki iliyofuata mama yule alirudi, mbiombio, amekumbatia fundo la kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe alikuwa nazo mbili! Kila alichopiga alikitia kote kote, mwenzake kaniambia. Juzi hii ya pili imenasa kwenye wavu. Vijana wameniletea kwenye ndoo, imo ndani ya maji, wananiambia mama, iwahishe Mbinga hivi hivi. Nikawaambia nyie hamjui, fundi mwenyewe alinisifu."

Akalifungua fundo. Eksteno ilikuwa imekauka kau, inanuka usipa. Hafidha aliipokea, akaiweka mezani.

Marselina alivuta kiti, akasogea karibu kabisa ili asipitwe na neno.

"Fungua basi, mwanangu. Hii nimeianika vizuri zaidi."