Jicho la Mkamwana

Ansgar, msimamizi wa duara letu, shimo la dhahabu huku Rwamgasa, alisema nalala kazini. Eti siku nzima nimeinama, akizungumza simtazami, hivyo mwisho wa mwezi meza yangu ya kuchagua mawe ataipata mwingine. Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Meza ile ndiyo inayomsomesha mwanangu Luka. Nikaendelea kuchagua mawe. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wiki hiyohiyo Daktari Lukresia akaja kutafuta watu wa utafiti wake wa jinsi ubongo unavyoangalia vitu. Nikajiandikisha wa kwanza. Nilitaka karatasi ya hospitali ya kuthibitisha sisinzii, nimzibe Ansgar mdomo.

Hospitalini Mwanza wakanilaza ndani ya mashine ya MRI. Iligonga kama karasha letu la kusagia mawe, nikajiona niko nyumbani. Sostenes, fundi wa mashine, akanisemesha kwa kipaza sauti:

"Mama Luka, kazia macho msalaba wa katikati. Nukta ikiwaka pembeni, bonyeza kitufe. Lakini jicho lisiifuate! Kamera inaliona. Likikimbia, majibu yako tunayatupa."

Nusu saa nzima nilibonyeza. Shingo ikafa ganzi, pua ikaniwasha, sikujikuna.

"Hujakosa hata moja," alisema, sauti imejaa shaka. "Wenzako wote walichungulia. Turudie?"

"Rudia mpaka uchoke, ng'wanawane, mwanangu."

Tukarudia. Lukresia mwenyewe akakagua picha za kamera, na jicho langu halikutoka msalabani. Akaniuliza nilijifunza wapi.

"Kwa baba mkwe. Kwetu mkamwana hamkazii mkwe macho. Lakini kibuyu chake cha maji kikiisha, ole wako usipojua!"

Nilirudi na karatasi yenye mhuri, nikamkabidhi mzee Pantaleo, mwenye duara, wachimbaji wote wakiwapo. Akaisoma kwa sauti: naona vya pembeni bila kugeuza jicho. Ansgar akacheka.

"Karatasi haichagui mawe. Kama unaona bila kutazama, tuambie leo umeona nini."

Niliinamisha kichwa kwa adabu, kama siku zote.

"Msimamizi, asubuhi hii umechukua mawe mawili mazuri mezani kwangu. Moja liko mfuko wa kushoto wa koti lako. La pili umelitumbukiza kwenye buti."

Kicheko kikakatika. Mzee Pantaleo akaikunja karatasi taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ansgar," alisema, "vua buti."